Mayai Yanaliwa

Jumamosi, 21 Juni 1958. Riruta.

Asubuhi: ukungu hadi saa tatu, baridi, mvua hakuna. Nyokabi mwenye nyumba ameniletea mayai mawili ya kuchemsha. Nimefunga mlango, nimeyala.

Leo si zamu yangu kliniki. Nimetoa sandukuni barua za kaka yangu Joash. Zangu ninazo humu daftarini, kwa sababu kila barua huwa naiandika hapa kwanza ndipo niinakili kwenye karatasi. Zote zinamhusu mkewe, Nakhumicha, na ugonjwa wake wa ini. Nimezipanga kwa tarehe. Nataka kuona ni siku gani hasa ningeweza kusema jambo, nikalinyamazia.

*

Kimilili, 4 Novemba 1957

Dada yangu Selpher Nanjala,

Pokea salamu zetu sote. Mwenyezi Mungu bado anatutunza. Mahindi tumeyaingiza ghalani bila kunyeshewa. Baba goti linamsumbua, lakini ibada ya Jumapili anaongoza mwenyewe, na juzi alimfukuza fundi wa paa kwa fimbo, kwa hiyo usimhurumie sana. Phoebe wangu amepanda darasa la tatu na anawashinda wavulana kwa hesabu.

Lililonishikisha kalamu ni mke wangu. Tangu ajifungue yule mtoto tuliyemzika Agosti, hajapata nguvu. Miguu imevimba, ukiibonyeza, kidole kinaacha shimo. Sasa macho yamekuwa ya manjano. Hospitalini walimpapasa tumbo wakasema ini limeharibika kwa kukosa chakula kinachofaa, wakanipa karatasi ya Kiingereza yenye maneno ya kidaktari. Mimi mwalimu siwezi kuzunguka nikiwauliza watu maana ya karatasi. Wewe unashinda na madaktari. Nieleze inasema nini, na kama iko dawa ya Nairobi, itume upesi.

Nakhumicha anakusalimu. Anasema umwandikie hata mstari mmoja, kama zamani mlipokuwa mkipitishiana vikaratasi darasani.

Ni mimi kaka yako,
Joash

*

Nairobi, 15 Novemba 1957

Kaka Joash,

Nimefurahi kusikia habari za nyumbani, hata za fimbo ya baba. Mimi ni mzima. Huku mvua za vuli zimeifanya njia ya Riruta kuwa uji. Natembea pekupeku hadi kituo cha basi, viatu nimevibeba mkononi, navivaa nikifika mjini. Kliniki tunapima watoto themanini kwa siku, na mimi ndiye ninayeandika kadi.

Karatasi yako nimeitafsiri na kuinakili mara mbili, moja yako, nyingine ya wifi yangu, mulamwa Nakhumicha. Nilimwonyesha daktari wetu. Anasema mtu akilishwa ugali na mboga miezi mingi bila chakula cha kujenga mwili, ini linajaa mafuta na kushindwa kazi, na mama anayenyonyesha au aliyetoka kuzaa huumia haraka zaidi. Dawa yake ya kwanza ni sahani. Mayai mawili kila siku. Maziwa, nusu chupa asubuhi na nusu jioni. Nyama ya kuku au samaki akipatikana. Maharagwe na njugu kila siku, lakini hizo peke yake hazitoshi, maana amekwisha dhoofika.

Nimetuma chupa ya vidonge vya hamira, vyenye vitamini. Ameze viwili mara tatu kwa siku. Lakini sikiliza, kaka: vidonge ni mgeni anayesaidia kazi, mwenye nyumba ni chakula. Vidonge bila mayai ni kama kumpa mtu jembe bila shamba.

Najua desturi ya nyumba yetu. Nakuomba usome tena mstari wa mayai.

Dada yako,
Selpher

*

Kimilili, 3 Desemba 1957

Dada Selpher,

Sisi hatujambo, isipokuwa yule unayemjua. Ng'ombe mwekundu amezaa. Baba anauliza utafika lini kwa Krismasi, amekutengea kiti mezani pamoja na wazee wa kanisa, kwa sababu ya elimu yako. Usimwambie nimekwambia.

Vidonge vimefika. Ninamhesabia mwenyewe, asubuhi, mchana na jioni, na kila siku naweka alama ukutani kwa chaki. Hajakosa hata kimoja. Majirani wanakuja kuitazama chupa.

Kuhusu mayai, baba aliisoma karatasi yako. Aliisoma yote, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia. Kisha akasema, "Nanjala amesahau ni nani aliyemlipia shule." Unajua wanawake wa nyumba hii hawali kuku wala yai. Mama yetu alikufa hajayaonja. Najua wake wa Wakristo wengine walikwisha acha mambo hayo, hata wengine walikula kuku hadharani enzi za wamisheni wa kwanza. Lakini baba alikuwapo siku walipokula, na mpaka leo anasimulia kama watu wanavyosimulia ajali.

Kina mama hapa wanacheka wanasema ndiyo maana hujaolewa, mayai ya Nairobi yamekufunga. Mimi sisemi hivyo. Nakueleza tu maneno ya watu.

Tuma chupa nyingine, yenye nguvu zaidi.

Joash

*

Nairobi, 7 Januari 1958

Kaka Joash,

Nilifika salama. Garimoshi lilichelewa Nakuru saa tano nzima, nikakaa juu ya gunia la mtu. Nawashukuru kwa Krismasi. Mwambie baba dawa ya kuchua goti nitaitafuta.

Nakhumicha nilimkuta amepungua kuliko ulivyoandika. Mikono imekwisha, tumbo limebaki. Nimefurahi nilipata siku ya soko kabla ya kuondoka. Wale kuku sita niliomwachia ni wake, nilimkabidhi mkononi mbele yako. Wanataga wote. Nakuomba mayai yachemshwe jikoni, polepole, mlango ukiwa umefungwa, bila kumuudhi mtu. Si lazima kila jambo lifanyike mezani.

Kuhusu siku yenyewe ya Krismasi sina la kuandika. Chakula kilikuwa kizuri.

Nimeshuka kwenye maduka ya Adams Arcade nikanunua chupa ya vitamini uliyotaka, ile ya kahawia. Inakuja kwa mkono wa Mbithi, anayefanya kazi relini.

Selpher

*

Kimilili, 11 Februari 1958

Dada yangu,

Salamu kutoka kwa wote. Kiangazi ni kikali, kisima kimeshuka. Baba alichua goti kwa dawa yako, sasa anatembea hadi kanisani na kurudi, akitupigia kelele njia nzima.

Kuku wako ni hodari. Wanataga manne, siku nyingine matano. Mayai yanaliwa yote, hata moja haliharibiki. Mkaguzi wa shule alipokuja aliwasifu sana.

Vidonge vya chupa ya kahawia anavimeza kwa utii. Alama za chaki zimefika dirishani. Manjano ya macho yamezidi kidogo, lakini nafikiri ni joto.

Joash

*

Nairobi, 19 Februari 1958

Kaka,

Nashukuru kwa habari za baba. Mimi sijambo.

Umeandika kwamba mayai yanaliwa. Nani anayeyala?

Mkaguzi wa shule alikula mangapi? Baba mangapi? Wewe je? Nimekaa na sentensi yako siku tatu. Hapa kliniki mama akileta mtoto aliyevimba, namuuliza, "Anakula?" Ananijibu, "Kinaliwa, dada." Nimejifunza kuuliza tena.

Ngoja nikuambie kisa cha Nyokabi. Jana alinikuta uani nikiisoma barua yako, akaniuliza uso huu wa nini. Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Wewe Nanjala, hata cucu, nyanya yangu, alikataa kuku mpaka kaburini. Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Halafu ikaja Hali ya Hatari, tukafungiwa kijijini nyuma ya mahandaki, watoto wanalia. Nilikula kuku, nikala yai, ningekuta ngozi ya kiatu ningechemsha. Njaa haikuniuliza mimi ni mke wa nani." Kisha akaacha kucheka, akaenda kuwapa kuku wake maji.

Naomba jibu la swali langu. Si la vidonge.

Selpher

*

Kimilili, 9 Aprili 1958

Selpher,

Barua yako ilichelewa. Au tuseme mimi ndiye niliyechelewa, kwa maana imekaa mfukoni mwangu tangu Machi.

Pasaka ilipita vizuri. Wageni walikuwa kumi na wanne. Phoebe aliimba peke yake mbele ya kanisa.

Mke wangu tumbo limejaa maji. Hospitalini walimtoa debe zima kasoro kidogo, likajaa tena kwa wiki mbili. Hasimami bila kushikwa.

Umeniuliza nani anakula. Wanakula wageni. Anakula baba. Nala mimi pia, nikiwekewa mezani na baba akinitazama. Umeridhika? Wewe unaandika ukiwa mbali, unafunga bahasha, unakwenda kazini. Mimi ndiye ninayeishi hapa.

Lakini usidhani sikujaribu. Mwezi wa pili nilichemsha yai shuleni, kwenye jiko la mlinzi, nikalileta ndani ya mfuko wa koti likiwa bado moto. Baba alikuwa kanisani. Nikafunga mlango wa jikoni, nikalimenya mwenyewe, nikamwekea mkononi. Nikamwambia, "Kula, mama Phoebe, hakuna anayekuona." Aliligeuza kiganjani. Akaniambia, "Selpher alisema ataanza yeye."

Nikamuuliza maana yake. Akanieleza mliyopatana usiku wa kuamkia Krismasi.

Sikujua, dada. Mezani mimi nilidhani umeshiba kweli.

Lile yai alinirudishia. Nililila njiani nikirudi shule, lisipotee.

Joash

*

Nairobi, 16 Aprili 1958

Kaka Joash,

Mlete Nairobi. Nimezungumza na daktari, atampokea. Chumba changu ni kidogo lakini kitanda nitamwachia. Mbithi atawatafutia nafasi kwenye garimoshi la Ijumaa, mkipandia Broderick Falls. Nyokabi amesema atampikia yeye mwenyewe, na kwamba huku Riruta hakuna anayejua wala kujali mke wa nani anakula nini.

Usingoje shule zifungwe. Usingoje ruhusa ya baba. Andika siku moja tu, nije stesheni.

Mengine uliyoandika nimeyasoma.

Selpher

*

Nairobi, 12 Mei 1958

Kaka,

Sijapata jibu. Nimekwenda stesheni Jumamosi tatu mfululizo, labda mngekuja bila kuandika. Mvua ya masika imekata barabara ya Muthangari, natembea kwa kuzunguka. Andika hata neno moja.

Selpher

*

Kimilili, 10 Juni 1958

Dada Selpher Nanjala,

Nakusalimu katika huzuni. Simu ya posta niliyotuma nimeambiwa haikukufikia, kwa hiyo jua kwa barua hii kwamba Nakhumicha alitutoka tarehe 4, alfajiri. Tulimzika tarehe 7. Alikuwa na miaka ishirini na saba, rika lako.

Uliniandikia nimlete. Baba alisema mke wa mtu hafi ugenini. Nilibishana naye siku mbili, na siku ya tatu mgonjwa hakuweza tena kubebwa.

Mazishi yalikuwa ya heshima. Walikuja wachungaji wawili na walimu wa shule tisa. Tulikuwa hatuna cha kuwapa wazee, mbuzi tulimuuza kulipia hospitali, ndipo baba akakumbuka kuku wako. Walichinjwa wote sita. Waliwatosha wazee wote, na mayai yaliyokuwapo yaliliwa na wachungaji. Kila mtu aliuliza kuku wamenona hivi ni wa nani, baba akasema kwa sauti, "Ni wa binti yangu wa Nairobi." Umetuheshimisha sana.

Kina mama walikula ugali na mboga za majani. Phoebe alikuwa nao.

Nakuandikia na jambo jingine. Phoebe nywele zinakuwa nyepesi na za kahawia, na viatu vya shule vinambana jioni. Pengine ni kulia. Lakini nimeona afadhali tuwahi. Tafadhali tuma vile vidonge, chupa ya kahawia. Nitamhesabia mwenyewe.

Kaka yako,
Joash

*

Nairobi, 21 Juni 1958

Kaka Joash,

Barua yako imenifikia juzi jioni. Nimelia, halafu nimeisoma tena kwa utaratibu, kama kadi ya mgonjwa.

Sitatuma vidonge.

Daktari nilimuuliza kama mayai yangemponya Nakhumicha. Alisema hajui, ini likifika pale, mara nyingine halirudi hata kwa chakula cha mfalme. Ninakuandikia hilo ili usiseme nimekuficha. Lakini Phoebe hajafika pale.

Nimepewa likizo ya siku kumi na nne. Nitashuka Broderick Falls Jumapili tarehe 29, asubuhi. Siku hiyo baba atakuwa na wazee mezani baada ya ibada, kama kawaida. Naomba kiti changu kiwepo, na cha Phoebe kando yangu. Mayai nitakuja nayo mwenyewe, Nyokabi amekwisha nitengea ishirini kwenye kikapu cha majani makavu. Nitamenya moja mbele ya baba na kulila, kisha nitamenyea Phoebe. Baba akiinuka, ainuke. Akinifukuza, nitaondoka na mtoto, na wewe utachukua sanduku lake hadi stesheni. Hilo ndilo ninalokuomba. Kwa Nakhumicha ulibishana siku mbili. Kwa huyu bishana ya tatu.

Usimwambie baba mapema. Usimwambie pia Phoebe. Sitaki kumwahidi mtu tena jambo la kesho.

Selpher

*

Nimemaliza kuzipanga. Barua ni kumi na moja. Siku niliyokuwa naitafuta haimo ndani ya barua yoyote, kwa hiyo naiandika hapa.

Jumanne, 24 Desemba 1957, jikoni. Nakhumicha ameketi kwenye kigoda, miguu ameinyosha, anachambua mchele. Nimemsomea karatasi ya daktari. Akasema, "Mulamwa, maneno haya ni mazuri, lakini nani ataanza? Nikianza mimi nitaitwa mwanamke aliyemdharau baba mkwe." Nikamwambia, "Kesho wameniweka mezani. Sahani ya mayai ikinipitia, nitachukua. Baba hataweza kunigombeza mbele ya wazee. Nikila mimi, wewe utakula jioni." Akacheka, akanipiga begani kwa ungo. "Wewe? Uliyelia kwa sababu ya panya bwenini?" Nikasema, "Utaona." Akasema, "Ukila, nitakula."

Jumatano, 25 Desemba. Wazee watano, baba, Joash na mimi. Sahani ilikuja, mayai yamekatwa katikati, manjano juu. Baba akaniangalia akitabasamu, hakuwa na hasira hata kidogo, akasema, "Eti Nanjala, huko Nairobi wanawake wanakula haya?" Wazee wakacheka. Lilikuwa swali la mzaha tu. Ningeweza kucheka nao na kunyoosha mkono.

Nilisema, "Nimeshiba, baba."

Nakhumicha alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Alinitazama, kisha akaingia, akapiga goti kwa shida, akawamiminia wazee mmoja mmoja. Mimi alinimiminia mwisho. Hakunilaumu kwa neno lolote, siku ile wala siku zilizofuata. Aliniaga kwa kunishika mikono yote miwili. Ndipo nikaenda sokoni nikamnunulia kuku sita.

Jioni hii Nyokabi alipita kuchukua sahani yake ya asubuhi. Alisukuma mlango, akakuta umekomewa. Akabisha. Nilipomfungulia akasema, "Kila siku unakula mayai yangu umejifungia kama mwizi. Miaka mitatu sasa. Unamwogopa nani humu, mimi?"

Sikuwa nimejua kwamba nafanya hivyo. Miaka mitatu, maili mia mbili na zaidi kutoka kwa baba, na komeo nalitia mwenyewe kila asubuhi kabla ya kumenya.

Nimemwomba yai moja zaidi. Nimelila nikiwa nimesimama uani, wapangaji wakipita na ndoo zao. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Limenikwama kooni, nimelimeza.

Kikapu kiko tayari karibu na mlango. Nakwenda kulala sasa, saa saba na dakika ishirini usiku.